Fizikia ya Kuunda Upya Injini ya Mbio kwa Fedha Chache

Miongoni mwa mashindano ya magari yanayopendwa sana nchini Marekani ni mbio za njia iliyonyooka. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo hukimbia robo maili, yaani mita 402, yakianzia mwendo sifuri. Chama kikuu cha mbio hizo, National Hot Rod Association, kilianzishwa mwaka 1951 na Wally Parks. Magari ya daraja la juu hugharimu fedha nyingi mno. Hata hivyo, wako washindani wengi wa kipato cha kawaida, ambao hununua injini kuukuu kutoka katika magari mabovu na kuiunda upya kwa mikono yao. Swali linalowakabili ni la kisayansi: fedha zikiwa chache, zitangulizwe wapi?

Tuchukue mfano wa injini ya Chevrolet ya silinda 8 na lita 5.7, iliyoanza kutumika mwaka 1967. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 101.6, na pistoni husafiri milimita 88.4 kutoka juu hadi chini.

Nguvu na muda

Tuseme injini inatoa nguvu P isiyobadilika, na tusijali ukinzani wa hewa. Kazi yote inayofanywa hugeuka kuwa nishati ya mwendo, hivyo Pt = ½mv². Mwanafunzi wa kidato cha 5 au cha 6 aweza kuendelea kutoka hapo na kupata t³ = 9ms²/8P, ambapo m ni masi ya gari na s ni umbali.

Mlingano huu una funzo kubwa. Tukiongeza nguvu kwa asilimia 10, muda hupungua kwa asilimia 3 tu. Tukipunguza masi ya gari kwa asilimia 10, muda hupungua kwa asilimia 3.5. Kung'oa viti visivyohitajika hakugharimu kitu, lakini faida yake huenda ikalingana na ile ya vipuri vya bei kubwa.

Kani zinazovunja injini

Pistoni ifikapo juu husimama, kisha hurudi chini. Mabadiliko hayo ya mwendo huhitaji kani, na kani hiyo huongezeka kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Katika injini yetu, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mchapuko wa pistoni ifikapo juu ni takriban mita 22,800 kwa sekunde kwa sekunde. Pistoni pamoja na pini na ringi zake ikiwa na masi ya kilo 0.7, kani ni karibu niutoni 16,000, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 1,600. Mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi hakuna mgandamizo mkubwa wa gesi wa kuipinga kani hiyo. Konrodi huvutwa, na mvuto wote huishia katika bolti zake mbili. Mizunguko ikifika 7,000, kani hufika karibu niutoni 22,000. Kasi imeongezeka kwa asilimia 17, lakini kani imeongezeka kwa asilimia 36.

Kwa hiyo bolti mpya imara za konrodi hutangulia mapambo yote. Bolti moja ikikatika, konrodi yaweza kutoboa bloku, mafuta yakamwagika njiani mbele ya magurudumu, na maisha ya dereva yakawa hatarini.

Kupima kabla ya kununua

Kazi ya kwanza ni kutafuta nyufa katika bloku ya chuma. Bloku hufanywa sumaku, kisha hunyunyiziwa unga wa chuma. Penye ufa uga wa sumaku huvuja nje, na unga hujikusanya hapo na kuchora mstari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika karakana, asiyeuona ufa hununua injini ya pili.

Silinda hupimwa kwa maikromita. Zikiwa zimelika, hutanuliwa, pengine kwa milimita 0.76, na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Ujazo wa injini huongezeka kutoka sentimita za ujazo 5,733 hadi 5,820, yaani asilimia 1.5 tu. Basi utanuzi huu ni matibabu ya silinda iliyochakaa. Silinda nzima isitanuliwe kwa tamaa ya nguvu.

Ncha za ringi nazo lazima ziachiwe nafasi. Mzingo wa ringi ni karibu milimita 320. Chuma cha kusubu hutanuka kwa sehemu 11 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Ringi ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya silinda, mzingo huongezeka kwa milimita 0.35. Pasipo nafasi ya karibu milimita 0.4, ncha hugongana na kuikwaruza silinda.

Bureti katika karakana

Uwiano wa mgandamizo hupatikana kwa kujumlisha ujazo unaofagiwa na pistoni na ujazo unaobaki juu yake, kisha kugawa kwa huo unaobaki. Ili kupima chumba cha mwako, fundi hukifunika kwa kioo chenye tundu, kisha humimina kiowevu kutoka katika bureti, kama ile itumikayo shuleni. Silinda ikifagia sentimita za ujazo 727, na nafasi yote inayobaki ikiwa 85, uwiano ni 812/85, yaani 9.6. Uwiano mkubwa huongeza ufanisi, lakini ukipita uwezo wa petroli, mchanganyiko hujilipukia wenyewe na kuivunja pistoni.

Ushindi wa gari la polepole

Katika aina moja ya mbio hizi, kila dereva hutangaza mapema muda anaotarajia kutumia. Gari la polepole huondoka kwanza, kwa tofauti ya nyakati hizo mbili. Apitaye haraka kuliko alivyotangaza kwa kawaida huhesabiwa ameshindwa. Hapa injini ya bei nafuu, inayorudia muda ule ule asubuhi na jioni, huweza kuishinda injini ya fahari isiyotabirika. Fedha zilizotumiwa kupima huwa zimenunua ushindi.

Walimu waweza kuomba pistoni na konrodi mbovu katika gereji iliyo karibu na shule. Wanafunzi wazipime masi na urefu, kisha wakokotoe kani katika mizunguko 3,000 na 6,000. Wataona kwamba kasi ikizidishwa mara 2, bolti zile zile hubeba mzigo mara 4.