Jinsi Ukuta wa Kale Usomwavyo

Leo nitawaelezeni habari za kanisa moja la kale huko Uingereza. Lipo Barton-upon-Humber, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Humber, upande wa kusini, nalo laitwa Kanisa la Mtakatifu Petro. Yako makanisa mengi katika nchi ile yalipitayo kwa ukubwa na mapambo. Lakini kuta zake ziliwafundisha wenye elimu jambo kubwa, yaani namna ya kujua umri wa jengo ambalo hapana kitabu kielezacho lilijengwa lini.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake, akawashinda Wasaksoni, akawa mfalme wa Uingereza. Wanormani wakajenga ngome na makanisa mengi ya mawe. Basi watu wa zamani za baadaye, kila walipoona tao la mviringo katika kanisa la kale, hawakuweza kupambanua kama ni kazi ya Wanormani au ya Wasaksoni waliowatangulia, kwa kuwa mataifa yote mawili yalijenga matao ya namna ile.

Mwaka 1819 Thomas Rickman, mjuzi wa majengo, alieleza jinsi mnara wa Barton unavyolikata shauri hili. Tuutazame kama alivyoutazama yeye. Sehemu ya chini imepambwa kwa mikanda myembamba ya mawe yaliyotokeza ukutani, mingine imesimama wima, mingine imepindwa kama matao. Juu ya matao hayo yako madirisha ambayo vichwa vyake si vya mviringo: mawe mawili yaliyonyoka yameegemezwa, moja kwa jingine, kama mapaa mawili ya nyumba. Lakini sehemu ya juu kabisa, mahali pa kengele, haina mikanda hiyo, na madirisha yake ni ya namna ya Wanormani wa kwanza.

Rickman akafikiri hivi: hapana mwashi awezaye kujenga juu kabla ya chini. Ikiwa sehemu ya juu ni ya siku za Wanormani wa kwanza, basi ile ya chini, iliyo ya namna nyingine kabisa, lazima iwe imewatangulia. Hivyo ndivyo alivyoitambua kazi ya Wasaksoni. Na alama zile zile zikawasaidia watu kuitambua mahali pengine.

Ardhi nayo ina maneno yake. Misingi iliyofukiwa yaonyesha kwamba kanisa la kwanza lilikuwa dogo sana. Chumba kilicho chini ya mnara ndicho kilichokuwa mahali pa watu kusimama katika ibada. Upande wa mashariki palikuwa na chumba kidogo cha madhabahu, na upande wa magharibi chumba kingine, ambacho kingali kimesimama hata leo. Watu walipoongezeka, chumba cha madhabahu kilibomolewa, pakajengwa ukumbi mkubwa, nao ukapanuliwa tena na tena katika karne zilizofuata.

Tangu mwaka 1978 mpaka 1984 wataalamu walichimba ndani ya kanisa na nje yake. Walitumia kanuni ile ile ya Rickman: kaburi likikata kaburi jingine, lililokatwa ndilo la kwanza. Wakapata mifupa ya watu zaidi ya 2,800, waliozikwa katika muda wa miaka ipatayo 900. Mahali penye majimaji hata majeneza ya mbao yalikuwa hayajaoza, kwa kuwa hewa haikuyafikia.

Huenda mtu akauliza, Je, ni haki kuwaondoa wafu mahali pao pa kulala? Swali hili ni zito, wala halifai kupuuzwa. Lakini fikirini jambo hili. Amri ya kuandika daftari za ubatizo, ndoa na maziko katika kila kanisa la Uingereza ilitolewa mwaka 1538. Kabla ya hapo mkulima au mtoto wake aliweza kuzaliwa, kuishi na kufa pasipo jina lake kuandikwa mahali popote. Mifupa yake ndiyo habari pekee aliyoiacha. Meno ya mtoto huonyesha alikufa akiwa na umri gani. Viungo vya mtu mzima huonyesha maumivu aliyoyavumilia. Baada ya kuchunguzwa, mwaka 2007 mifupa ile ilirudishwa Barton, ikawekwa kwa heshima katika chumba kilichotengenezwa ndani ya kanisa lile lile. Ibada za mji sasa hufanywa katika Kanisa la Mtakatifu Mariamu, lililo jirani. La Mtakatifu Petro latunzwa kwa ajili ya elimu.

Basi hili ndilo fundisho. Jengo la kale ni daftari isiyo na nakala ya pili. Fundi mwema akichimba msingi mpya au akibomoa ukuta uliochakaa, huenda akafuta katika siku moja habari zilizohifadhiwa kwa miaka elfu, wala hakusudii ubaya wowote. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza, na tutazame kwanza, tupime, tuandike, tuchore. Kisha ndipo tushike sururu.