Kupenda Sio Kuandama

Nani kati yetu hapendi muziki? Ukipita Mbinga mjini msimu wa kahawa, kila duka linapiga wimbo wake. Ukishuka hadi Mbamba Bay au Liuli, utawakuta akina mama wanaanika usipa mchangani huku redio inaimba pembeni. Nyimbo nyingi ni za mapenzi. Si vibaya. Wimbo unaburudisha, na kazi inakwenda.

Leo tunataka tuzungumze juu ya aina moja ya nyimbo hizo. Ni zile ambazo mtu anamwimbia mwenzake aliyemkataa. Anasema hatamwacha. Atamfuata popote. Asipompata, bora afe. Sisi tunacheza na kuitikia. Je, tumewahi kujiuliza maneno hayo yanaleta nini yakitoka redioni na kuingia kijijini?

Wimbo uliosikika vibaya

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1983 bendi moja ya Uingereza iitwayo The Police ilitoa wimbo wa Every Breath You Take. Mtunzi wake ni Sting, mwimbaji wa bendi hiyo. Aliutunga wakati ndoa yake ya kwanza inavunjika. Huko Marekani wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza kwa wiki 8. Sauti yake ni ya upole. Kwa hiyo watu wengi waliuona kuwa ni wimbo mtamu wa mapenzi, na wengine wakaupiga hata arusini.

Kumbe ukisikiliza vizuri, mwanamume wa wimbo huo anamwambia mwanamke kwamba anamtazama katika kila anachofanya. Sting mwenyewe amesema kwamba huo si wimbo wa faraja. Ni wimbo wa mtu mwenye wivu, anayetaka kummiliki mwenzake. Basi tunajifunza jambo: sauti tamu inaweza kubeba maneno ya kutisha, na msikilizaji asijue.

Nyimbo za kwetu

Huku kwetu wote tunaujua wimbo wa Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana wa wimbo huo anampenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea. Anaumia kweli. Hata hivyo hamtishi mtu. Anaubeba uchungu wake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, Diamond Platnumz alijulikana kwa wimbo wake wa Kamwambie, uliopata tuzo za Kili mwaka 2010. Humo mtu aliyeachwa anaomba watu wamfikishie msichana habari za mateso yake. Kumtuma mtu si kosa. Hata wazee wetu walimtuma mshenga. Lakini tukumbuke kwamba mshenga alikuwa na safari mbili: ya kwenda na ya kurudi. Alipeleka ombi, kisha akaleta jibu. Jibu likiwa hapana, mambo yaliishia hapo, na watu waliendelea kusalimiana.

Wimbo wa redioni una safari moja tu. Tunamsikia anayeomba, hatumsikii anayeombwa. Ngomani mambo ni tofauti. Wanaume wana mganda wao, wenye hatua za gwaride. Wanawake nao wana kioda, na humo wanasema yao. Redioni yule msichana hana zamu. Anatajwa jina tu.

Tuchukue mfano

Huyu si mtu fulani, ni mfano tu. Kijana mmoja wa kando ya ziwa anampenda binti wa jirani. Anamwambia. Binti anajibu: "Hapana, kaka yangu, mimi sitaki." Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu amesema waziwazi, tena kwa heshima.

Kijana hasikii. Kesho yake anamsubiri kwenye njia ya ziwani. Keshokutwa yupo tena. Usiku anapiga simu mara 20. Binti akiizuia namba yake, anatafuta laini nyingine. Wenzake wanamtia moyo: "Komaa tu, atalainika!" Yeye anajiona kama yule wa kwenye wimbo.

Sasa tumtazame binti. Ameacha kwenda kuchota maji alfajiri. Anatumwa mdogo wake wa miaka 9, wakati sote tunajua kuna mamba. Ameacha kwenda kwenye kioda. Akisikia pikipiki usiku, hapati usingizi. Kijana anasema anapenda. Binti anaona anawindwa.

Wapo pia wanawake wanaowaandama wanaume, na kosa ni lilelile.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa ni lazima iwe kwa hiari ya wote wawili. Hakuna wa kulazimishwa.

Wengine husema, "Nimemnunulia vitenge, nimempa hela, huyu ni wangu." La hasha! Sheria hiyohiyo inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai zawadi alizotoa kwa sharti la kufunga ndoa, ikiwa ndoa haikufungwa. Vitenge vinaweza kudaiwa. Mtu hadaiwi.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Tangu hapo, kumsumbua mtu kijinsia, kwa maneno au kwa vitendo, ni kosa la jinai. Adhabu yake yaweza kuwa kifungo hadi miaka 5.

Na simu je? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hebu fikiria ni magunia mangapi ya kahawa hayo!

Tufanye nini?

Ukiwa unaandamwa, usinyamaze. Waambie wazazi au mtu mzima unayemwamini. Usitembee peke yako. Usifute meseji zake, maana ni ushahidi. Andika siku na saa kila anapokufuata. Kisomo chetu si cha kusomea magazeti tu, kinatulinda pia. Kisha nenda kwa afisa mtendaji wa kijiji au polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mambo ya watoto ipo namba 116, na kupiga ni bure.

Ukiwa mzazi, usimwambie binti yako, "Wewe umemfanya nini?" Swali hilo linafunga mdomo wake. Mwambie kijana wako kwamba kukataliwa kunauma lakini hakuui. Wangapi kati yetu tulikataliwa, na leo tuna wake na wajukuu?

Nawe kijana, endelea kusikiliza nyimbo. Hatusemi redio zizimwe. Ila wimbo una dakika 4, kisha unakwisha. Yule binti kesho alfajiri atahitaji kwenda ziwani. Mwachie njia.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja wimbo mmoja unaoupenda. Mtu anayeimbiwa humo angejibu nini kama angepewa nafasi?
2. Mshenga wa zamani alikuwa na safari mbili. Ya pili ilikuwa na faida gani?
3. Katika kijijini chenu, ni njia zipi ambazo wasichana wanaogopa kupita? Kwa nini?