Harusi iko Mpanda, mchango umeshatolewa: Zawadi nayo ni lazima?

Kadi imeingia WhatsApp. Ukumbi uko Mpanda, mkoani Katavi, na mgeni anaishi Dar es Salaam. Mchango ameshatoa. Bado nauli ya kwenda na kurudi, gesti na nguo ya sare. Hapo ndipo swali linapokuja: na zawadi je?

Mchango si zawadi

Mchango hupokelewa na kamati. Ndio unaolipa ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo na MC, na kwa kawaida ndio unaoamua kama mtu atapata kadi ya mmoja au ya wawili. Hela hiyo inaishia kwenye sherehe. Zawadi ni ya maharusi, wanaondoka nayo.

Ahadi kwanza

Aliyeahidi na hajamaliza, amalizie kabla ya kuwaza zawadi. Kamati nyingi huagiza vitu kwa kuhesabu ahadi. Zisipolipwa, deni linabaki kwa maharusi na wazazi wao baada ya wageni kuondoka.

Maharusi wataishi wapi?

Hili liulizwe kabla ya kununua chochote. Wapo wanaofunga ndoa nyumbani kwao Mpanda halafu wanarudi kazini Dodoma, Mwanza au Dar. Kutoka Dar hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000. Friji ikisafirishwa mpaka huko, maharusi watailipia tena kuirudisha. Bora wakabidhiwe wakisharudi, hata mwezi mmoja baadaye.

Kwa aliye safarini, kitu chepesi kinatosha: vitenge, mashuka au bahasha.

Hela nayo ina utaratibu wake

Bahasha ifungwe vizuri na iandikwe jina la mtoaji. Anayetuma kwa simu atume kwenye namba ya bibi au bwana harusi. Akituma kwa mweka hazina wa kamati, itahesabiwa mchango. Na asisahau kuongeza ya kutolea.

Hali ngumu? Ingieni kama kundi

Wafanyakazi wenzao au waliosoma pamoja wanaweza kuchangiana wakanunua kitu kimoja. MC akiita, wote wanapita mbele wakicheza, na hakuna anayejua nani katoa elfu kumi na nani katoa laki.

Ni send-off au harusi?

Zawadi za send-off kwa kawaida ni za bibi harusi, za harusini ni za wote wawili. Anayehudhuria zote mbili anaweza kutoa zawadi moja, kwingine akamtunza bibi harusi kwa noti chache wakati wa muziki.

Na aliyelipa ahadi yake, akapanda basi mpaka Mpanda, hana sababu ya kuona aibu kwa bahasha ndogo. Asiyeweza kusafiri, mchango wake na simu ya pongezi vinatosha.