Kusimba Upya na Kufungasha Upya: Ubadilishaji wa Picha za JPEG katika Hifadhi za Kidijitali

Picha nyingi zinazokusanywa kutoka tovuti kwa ajili ya hifadhi za kidijitali zimo katika umbizo la JPEG, ambalo kiwango chake kilitolewa mwaka 1992. Tangu wakati huo yamezuka maumbizo yanayotumia nafasi ndogo zaidi: WebP iliyotangazwa na Google mwaka 2010, AVIF ya mwaka 2019, na JPEG XL iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 18181. Kwa mhifadhi mwenye bajeti finyu, kishawishi cha kubadili mkusanyiko wote na kufuta mafaili ya awali ni kikubwa. Makala haya yanafafanua kwamba neno "kubadili" linaficha vitendo viwili visivyolingana, na kwamba kimoja tu kati ya hivyo ndicho kinachoweza kuhalalisha ufutaji huo.

Tofauti hiyo inatokana na namna JPEG inavyofanya kazi. Picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba hugeuzwa, kwa hesabu za kosaini, kuwa namba 64 zinazoeleza mabadiliko ya mwanga, kuanzia yale ya taratibu hadi yale ya ghafla. Kisha namba hizo hugawanywa na kukadiriwa kuwa namba kamili. Zile za mabadiliko ya ghafla hukadiriwa kwa ukali zaidi, na nyingi huishia kuwa sufuri. Hapa ndipo upotevu hutokea. Hatua ya mwisho, yaani kuziandika namba zilizobaki kwa msimbo mfupi wa Huffman, haipotezi chochote.

JPEG inapogeuzwa kuwa WebP au AVIF kwa njia ya kawaida, faili hufunguliwa hadi kwenye pikseli, halafu pikseli hizo hukadiriwa tena kwa vipimo vya umbizo jipya. Huku ni kusimba upya. Upotevu wa pili huongezwa juu ya ule wa kwanza, na programu huyahesabu makovu ya ubanaji wa awali kuwa sehemu ya picha.

Madhara yake huonekana wazi katika picha za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS jijini London. Katika hati hizo, umbo lilelile katikati ya neno huwa ba likiwa na nukta moja chini, ta likiwa na nukta mbili juu, au tha likiwa na tatu. Katika picha ndogo ya tovuti, nukta hujengwa na pikseli chache tu, nayo ni badiliko la ghafla la mwanga, yaani kile hasa ambacho ubanaji hukikadiria kwa ukali. Wino mwekundu, pale unapotumika, huathirika kwa namna ya pekee, kwani WebP yenye upotevu huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Picha ya mandhari ikipoteza kiasi hicho hakuna atakayelalamika. Mhakiki wa utenzi anaweza kusoma neno jingine.

JPEG XL ina njia ya pili. Programu haishuki hadi kwenye pikseli, bali huzichukua namba zilezile zilizokwisha kukadiriwa na kuziandika kwa msimbo bora kuliko wa Huffman, pamoja na maelezo mafupi ya mpangilio wa faili la awali. Huku ni kufungasha upya: JPEG ya awali huweza kurejeshwa baiti kwa baiti. Nafasi inayookolewa kwa kawaida ni takriban asilimia 20, kiasi kidogo kuliko kinachopatikana kwa kusimba upya, lakini hakilipiwi kwa nukta hata moja.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba jina la umbizo si ushahidi. Programu ya cjxl, ya mradi huria wa libjxl, hufungasha upya yenyewe inapopewa JPEG. Programu ya kuhariri picha inayoifungua kwanza na kuihifadhi kama JPEG XL haifanyi hivyo, ingawa mafaili yote mawili huwa na kiambishi kimoja. Kwa hiyo alama ya SHA-256 ya faili la awali haina budi kukokotolewa kabla, JPEG irejeshwe, na alama zilinganishwe ndipo chochote kifutwe. Picha za CMYK haziingii katika utaratibu huu na hubaki zilivyo.

Kwa hifadhi za tovuti kuna sharti la ziada. Umbizo la WARC, ISO 28500, hutunza baiti kama seva ilivyozituma, na kuzibadili ndani yake ni kuubadili ushahidi wenyewe. WARC ina rekodi maalumu za ugeuzaji, zinazoelekeza kwenye rekodi ya awali. Nakala mpya huwekwa humo.

Linabaki suala la usomaji. Mwaka 2022 mradi wa Chromium ulitangaza kuondoa utumiaji wa majaribio wa JPEG XL, ilhali Safari iliupokea mwaka 2023 katika toleo la 17. Mgawanyiko huu hauidhuru hifadhi iliyofungasha upya, kwa kuwa seva yake inaweza kurejesha JPEG na kuituma kwa kivinjari chochote kinachoiomba.