Imani Isiyo ya Dini Nayo Hulindwa Kazini



Mtu akifukuzwa kazi kwa sababu ya dini yake, kila mmoja wetu huona dhuluma. Je, akifukuzwa kwa sababu ya imani isiyotoka msikitini wala kanisani? Huko Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa imani yake ya kifalsafa, sawasawa na kwa dini.

Imani hiyo ni ipi? Jibu lilipatikana mwaka 2009 katika kesi ya Tim Nicholson, mfanyakazi wa kampuni ya nyumba, aliyeamini kwamba binadamu ana wajibu wa kupunguza hewa chafu inayoiongezea dunia joto. Mahakama ya rufani ya kazi iliweka masharti matano: mtu awe anaiamini kwa kweli, iwe imani, si wazo tu linalotegemea habari za wakati ule, ihusu jambo zito la maisha ya binadamu, iwe na hoja zinazoshikamana, tena isivunje utu na haki za msingi za wengine.

Kipimo hicho kimefika vyuoni. Jo Phoenix, aliyekuwa profesa wa elimu ya uhalifu katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, anaamini kwamba jinsia ya kuzaliwa haibadiliki. Mwaka 2021 watu zaidi ya 360 wa chuo hicho walitia saini barua ya kupinga kikundi chake cha utafiti. Chuo hakikumkinga, naye akajiuzulu mwezi Desemba. Januari 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba alibaguliwa na kusumbuliwa, na kwamba kujiuzulu kwake kulikuwa sawa na kufukuzwa isivyo haki.

Mahakama haikusema kwamba imani yake ndiyo sahihi. Wenye imani iliyo kinyume wanalindwa vile vile, wala hakuna aliyepewa ruhusa ya kumwonea mwenzake aliyebadili jinsia. Kupingana kwa hoja si kosa. Kosa ni kumwandama mtu.

Hapo ndipo penye funzo kwa kiwanda na shamba. Wengi waliomwandama profesa walikuwa wafanyakazi wenzake, lakini aliyehukumiwa ni mwajiri, kwa kuwa ndiye mwenye wajibu wa kulinda watu wake kazini. Ukisumbuliwa kwa imani yako, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha mwone mwakilishi wa chama mapema. Na mwenzako akizomewa, usijiunge na wanaozomea, hata kama imani yake huipendi.