Umeombwa utafute bendi ya harusi? Piga hesabu hii kabla hujataja bei

Sisi tunaouza sare, mapambo na keki kupitia WhatsApp na Instagram tunalijua hili swali: "Dada, na bendi unaweza kututafutia?" Ukijibu ndiyo tu, umeshaingia kwenye biashara nyingine kabisa. Mimi niliingia hivyohivyo, harusi ya Kilangali huku kwetu Kilosa, na nikatoka na hasara.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mpunga umeshavunwa, hela ipo, kila wiki kuna harusi. Kwenye hiyo nilikuwa nauza vitenge vya sare tu. Mwenyekiti wa kamati akanitumia ujumbe: wanataka bendi ya live, DJ hawamtaki. Nikapiga simu Morogoro mjini, bendi moja ya watu tisa ikanitajia laki nane. Nikaiambia kamati milioni moja, kila kitu. Nikajiona nimeshaweka laki mbili mfukoni. Kumbe hilo neno "kila kitu" ndo lilinimaliza.

Ona hesabu ilivyokuja. Bendi 800,000. Gari la kuwaleta na kuwarudisha 250,000, maana spika kubwa, ngoma na kinanda huwezi kuvipandisha kwenye basi pamoja na abiria. Jenereta na mafuta 150,000: nyumba ya harusi ina umeme, lakini bendi ilipowasha vyombo vyote, na friji za vinywaji zinavuta palepale, moto ukawa hautoshi. Chakula cha watu tisa, milo miwili, kwa 5,000 kila sahani, 90,000. Muziki uliisha usiku sana, hawawezi kurudi, vyumba vitano vya 20,000, laki moja nyingine. Jumla 1,390,000. Mkononi nina milioni. Ile 390,000 ilitoka kwenye mtaji wa vitenge, na mwezi ule sikwenda Kariakoo kufuata mzigo.

Bei zako zitakuwa tofauti na zangu, ila mistari ni ileile. Kwa hiyo siku hizi simtajii mteja bei moja ya jumla. Namuandikia ujumbe mmoja: bendi kiasi gani, usafiri kiasi gani, umeme, chakula, malazi, na mstari wa mwisho "usimamizi", ambao ndo hela yangu. Kamati ikiona malazi ni ghali, wenyewe watasema wageni wa bendi walale kwa mjomba. Sawa tu, mstari unafutwa, hela yako haiguswi.

Kabla ya kuandika huo ujumbe, iulize bendi maswali yake. Mko wangapi, pamoja na fundi mitambo na dereva? Mnakuja na spika zenu au tukodi? Mnapiga saa ngapi, na mnapumzika mara ngapi? Hili la kupumzika wengi tunalisahau. Bendi sio simu, wapigaji wanachoka na wanakula. Wakishuka jukwaani lazima kuwe na muziki wa kujaza, la sivyo wageni wanaanza kutafuta viatu vyao.

Halafu kuna kutunza. Shangazi akinogewa anamfuata mwimbaji na noti mkononi. Hiyo hela ni ya nani? Bendi inajua ni yake, kamati inadhani ni ya maharusi. Nimeona watu wakivutana mbele ya bibi harusi kwa sababu ya beseni la noti. Ulizeni mapema na muandike.

Nyimbo nazo zipangwe na familia. Ukitaka wimbo maalumu wa maharusi kuingilia, bendi ipewe wiki mbili za mazoezi. Na usiwasahau wazee. Huu ni mkoa wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Mbaraka Mwinshehe alipiga na Morogoro Jazz mpaka 1973 alipoondoka kuunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Januari 1979, na mpaka leo ukipigwa wimbo wake babu anaweka fimbo pembeni. Omba nusu saa ya zilipendwa mapema, kabla wazee hawajaenda kulala. Vijana watapata zao baadaye.

Jambo lingine: wageni waliozoea spika hukaa na kuitazama bendi kama televisheni. Kule Uskochi wana dansi la harusi linaloitwa ceilidh. Bendi inapiga live, na kuna mtu kazi yake ni kutangaza hatua, shikaneni mikono, zungukeni, badilishaneni, hata asiyejua anacheza. Kwetu hiyo ni kazi ya MC, ila umwambie. Afungue na wazazi, waje kamati, kisha aite upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi kwa zamu. Wakishasimama hao, wengine hawahitaji kuitwa.

Kibali wafuatilie kamati, sio wewe. Waanzie ofisi ya kijiji, wataje kwamba ni bendi na mwisho ni saa ngapi. Bendi ikizimwa katikati, lawama zitakuja kwenye namba yako ya simu.

Kuhusu malipo, kamati inaendeshwa na ahadi za michango, na ahadi hainunui mafuta. Mimi nachukua kianzio siku ya kuhifadhi tarehe, hela ya usafiri siku tatu kabla, na salio lote kabla bendi haijapanda jukwaani. Hela ya bendi haipiti kwenye mtaji wangu hata siku moja. Isipoingia, gari haliondoki Morogoro, na hilo nalisema tangu ujumbe wa kwanza.

Ile oda iliyofuata niliwaandikia mistari yote. Walipoiona wakakaa kimya siku mbili, nikajua nimewapoteza. Siku ya tatu wakarudi: wamechagua bendi ndogo ya watu wanne, wenye kinanda na gitaa, wanaotokea hapahapa Kilosa. Malazi hakuna, gari dogo linatosha. Usimamizi wangu 120,000, na sare nikauza vilevile.