MICHE YAKO INAKATWA USIKU? USIKIMBILIE SUMU

Leo tuzungumze juu ya bustani ya nyumbani. Labda utauliza, "Mhudumu wa afya na miche wapi na wapi?" Katika mgao wetu hamna mboga za majani, na watoto, wajawazito na mama wanaonyonyesha wanazihitaji sana. Kwa hiyo mche ukifa, kuna sahani ya mtoto iliyopungukiwa.

Msimu uliopita nilipanda miche 30 ya sukuma wiki nyuma ya nyumba yetu. Niliihamisha saa sita mchana, kwa sababu alasiri nilikuwa na zamu ya kutembelea kaya. Asubuhi yake miche 11 ilikuwa imelala chini, imekatwa kama kwa wembe. Nikawalaumu kuku wa jirani. Kisha nikanunua dawa ya wadudu iliyomiminwa ndani ya chupa ya soda, bila maelezo yoyote, nikaiweka chini ya kitanda. Jioni nilimkuta mdogo wangu wa miaka minne anahangaika kufungua kifuniko. Alidhani ni soda. Tunamshukuru Mungu, hakuwa ameionja.

Niliona haya, maana mimi ndiye ninayepita nyumbani kwenu kufundisha usalama wa watoto. Nilipomweleza mama jirani, yule mwenye kuku, aliniambia, "Mwanangu, chimba kwanza kando ya mche uliokatwa." Nikachimba kwa kidole. Hapo hapo nikamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja. Huyu wakulima wengine humwita sota. Mchana hujificha ardhini, usiku hutoka kukata mashina.

KABLA YA KUHAMISHA
Hapa Nakivale mvua huanza mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Septemba. Sia mbegu kitaluni mwezi mmoja kabla, ili miche iwe tayari mvua zikishika. Sukuma wiki na kabichi zinafaa kuhamishwa zikiwa na majani manne hadi sita.

Wiki moja kabla, zoesha miche jua: punguza kivuli kidogo kidogo, na punguza maji bila kuiacha inyauke. Mche uliolelewa kivulini tu ukitolewa ghafla juani huungua. Palilia na geuza udongo wa bustani mapema. Sota hupenda magugu, na ukigeuza udongo kuku watakusaidia kuwaokota. Changanya samadi iliyooza vizuri.

SIKU YA KUHAMISHA
1. Chagua jioni au siku ya mawingu. Usifanye kama mimi.
2. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa mche pamoja na udongo wake, na usivute shina.
3. Panda kwa kina kile kile cha kitaluni. Nyanya unaweza kuizamisha zaidi, kwani shina lake huota mizizi.
4. Acha nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche wa sukuma wiki. Shindilia udongo kwa vidole, kisha mwagilia.
5. Weka kivuli cha matawi kwa siku tatu hadi tano.

KUWAZUIA WADUDU BILA SUMU
Zungushia kila shina kola ya karatasi ngumu au ganda la mgomba. Kola izame ardhini kiasi cha sentimita tatu, na ibaki juu kiasi hicho hicho. Sota hatalifikia shina. Usiku pita na tochi, okota viwavi na konokono. Nyunyiza majivu makavu kuzunguka mashina, na urudie mvua ikiyaosha.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje hadi kesho. Nyunyiza jioni. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

KUHUSU SUMU, KUMBUKA
Usinunue dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Dawa ya kunguni au mbu usiipulize kwenye mboga. Chombo cha sumu usikitumie tena hata kikioshwa. Mtu akinywa sumu usimtapishe. Ikimmwagikia, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kwa vyovyote mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na chombo chenyewe.

Ile miche 11 niliipanda upya jioni, kila mmoja na kola yake. Hakuna uliokatwa. Mdogo wangu sasa ndiye anayebeba kopo la kumwagilia, na sukuma wiki anaikula yeye kwanza.

Basi, msomaji, kesho ukikuta mche umelala, chimba kwanza. Na kuku wa jirani uwaombe radhi mapema.